Viza ya matembezi kwa wazee wetu: Uingereza, Canada, au tukutane njiani?

Mama yuko Wete, Pemba, mtoto mmoja yuko London, mwengine Toronto, na wa tatu yuko Unguja. Huyo ndiye anayebeba mafaili. Familia za namna hii zimejaa visiwani, na kwenye kundi la WhatsApp mjadala hauishi, kila aliye nje anataka mama aanzie kwake. Haya nayaandika kwa ajili ya huyo mbeba mafaili. Walio nje wanalipa na wanapiga simu, lakini anayepanda boti na mama kwenda Dar es Salaam ni yeye.

Msimamo wangu nautoa mapema: msianze na nchi. Anzeni na muda ambao mzee anatakiwa kukaa huko, kisha tazameni makaratasi aliyonayo mkononi. Hayo mawili yakishajulikana, milango inayobaki ni mmoja au miwili tu, na ugomvi wa nani aanze unakwisha wenyewe.

Marekani kwa sasa iwekeni pembeni

Amri ya rais wa Marekani iliyotolewa Disemba 2025 imeiingiza Tanzania katika nchi ambazo raia wake wamesimamishiwa viza za matembezi, yaani B1 na B2, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Hata kabla ya hapo, tangu Oktoba 2025, Mtanzania aliyekubaliwa viza hiyo alikuwa anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000. Ada ya maombi, dola 185, ukishalipa hairudi. Mzee aliyepewa viza kabla ya amri na bado iko hai, amri haikuifuta. Wengine, hadi amri itakapobadilika, wasome sehemu ya kukutana njiani huko chini.

Safari ni ya nini?

Kama ni harusi, au kuwaona wajukuu mwezi mmoja miwili na kurudi, viza yoyote ya kawaida inatosha na hakuna haja ya kujitutumua. Kama mnataka mzee akae mwaka mzima, miwili, apumzike kwa mtoto wake, basi Uingereza haina viza ya matembezi ya aina hiyo na msijidanganye; Canada inayo.

Iko na safari ya tatu, ambayo kwetu ndiyo ya kawaida kuliko zote: binti amekaribia kujifungua na anamtaka mamaake mpaka arobaini itimie. Hii inakubalika, ila maneno ya barua ya mwaliko yanaweza kuiponza. Kanuni za Uingereza zinamruhusu jamaa aliyekuja matembezini kumsaidia mzazi na mtoto kwa muda mfupi, lakini hazimruhusu kufanywa yaya. Binti akiandika "mama anakuja kumlea mtoto ili nirudi kazini", ameshamwandikia mama kazi. Aandike kilicho kweli: natarajia kujifungua mwezi fulani, mama atakuwa nami wiki nane, atarudi tarehe fulani, na mume wangu naye atakuwa likizo wiki kadhaa.

Na kama nia hasa ni kumtibu mzee, semeni matibabu. Kuna utaratibu wake wa kulipia hospitali, na ni mwengine kabisa. Kumpeleka mzee kwa viza ya kuona wajukuu huku barua za daktari zimo ndani ya mkoba ni kumtafutia masuali uwanja wa ndege.

Uingereza: miezi sita, au miaka miwili na kuendelea?

Viza ya kawaida ya mgeni inaruhusu kukaa hadi miezi 6. Kwa bei zilizoanza Aprili 2025 ada yake ilikuwa pauni 127. Ziko ndefu zaidi, kwa bei za wakati huo huo: miaka 2 kwa pauni 475, miaka 5 kwa 848 na miaka 10 kwa 1,059. Watoto wengi huvutika na ya miaka kumi, "tumalize mara moja". Nawaelewa, lakini pigeni hesabu kwanza. Ya miaka miwili inaanza kulipa pale mama atakaposafiri mara nne ndani ya muda huo, na hakuna mzee wa Pemba ninayemjua anayetamani kuvuka bahari na mawingu mara nne kwa miaka miwili. Tena viza ndefu haimpi ruhusa ya kukaa zaidi ya miezi 6 kwa safari moja, na akionekana anaishi huko kwa kuingia na kutoka, atazuiwa mlangoni. Kubwa zaidi, ukiomba miaka 10 ofisa ana uwezo wa kukupa miezi 6, na pesa zilizozidi hazirudishwi.

Kwa hiyo kwa mzee anayekwenda mara ya kwanza, miezi 6. Akienda, akarudi kwa wakati, safari ya pili ndiyo ya kuomba ndefu, kwa sababu hapo ana rekodi ya kurudi ambayo hakuna barua inayoweza kuifikia.

Ombi linajazwa kwenye mtandao, mapema zaidi ni miezi 3 kabla ya safari. Kisha mzee anakwenda mwenyewe kituo cha maombi Dar es Salaam kutoa alama za vidole na picha, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3. Kwa umri hakuna msamaha: awe na miaka 60 au 90, ni lazima afike. Uchunguzi wa kifua kikuu hautakiwi kwa safari isiyozidi miezi 6, na hilo ni jambo moja la usumbufu limepungua.

Bima ya afya Uingereza hawailazimishi. Mimi naiona ni lazima. Mgeni akikimbizwa kwenye chumba cha dharura hatibiwi kwa pesa, lakini akilazwa tu, hospitali ya serikali inamtoza asilimia 150 ya gharama. Deni likifika pauni 500 na halijalipwa, viza inayofuata inaweza kukataliwa kwa sababu hiyo peke yake. Mzee wa kisukari na presha asisafiri bila bima iliyoyataja maradhi yake kwa majina. Bima inayoyaruka ni karatasi tu.

Canada: milango miwili

Wa kwanza ni viza ya mgeni ya kawaida. Ada ni dola 100 za Canada, na 85 za alama za vidole. Mara nyingi inatolewa ya kuingia mara nyingi, hadi miaka 10, na kila akiingia hukaa kwa kawaida miezi 6. Haizidi uhai wa pasipoti. Pasipoti yetu ni ya miaka 10 na inagharimu shilingi 150,000, basi kama ya mzee imebakia miaka miwili, ni bora kwanza mwende Uhamiaji mkaibadilishe kuliko kupewa viza iliyokatwa mguu.

Wa pili wanauita super viza. Huu ni wa wazazi, mababu na mabibi wa raia wa Canada au mkaazi wa kudumu. Tangu Julai 2022 mzee anaweza kukaa hadi miaka 5 kwa safari moja bila kuomba nyongeza. Ukisikia hivyo utadhani ndio jawabu la kila kitu, lakini mzigo wake uko kwa mtoto. Mosi, kipato cha mtoto kipimwe kwa idadi ya watu, na wazee wenyewe wanahesabiwa. Mtoto mwenye mke na watoto watatu akiwaita baba na mama, anapimwa kama anayelisha watu saba. Mke wake anaweza kutia saini pamoja naye ili vipato viunganishwe. Pili, bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Canada, ya mwaka mzima, iwe imeshalipwa au angalau imeanza kulipwa. Bei iliyoandikwa tu kwenye karatasi haikubaliki. Kwa mzee wa miaka 75 mwenye presha bima hiyo ndiyo inayovunja safari, kuliko hata viza. Tatu, uchunguzi wa afya kwa daktari aliyeidhinishwa na serikali ya Canada.

Kuna kitu kimoja cha Canada ambacho wengi hawakijui, nacho kwa watu wa Pemba kina uzito: aliyevuka miaka 79 hatakiwi kutoa alama za vidole. Bibi wa miaka 82 wa Micheweni anaweza kuombewa viza ya kawaida bila kusogea kwake, na ikikubaliwa ndipo pasipoti inapopelekwa kubandikwa. Kwa London, bibi huyo huyo itabidi ateremshwe Mkoani, apande boti hadi bandari ya Malindi, Unguja, apande nyengine hadi Dar, alale kwa jamaa, kisha arudi. Au ndege ndogo kutoka Chake Chake, kwa wenye uwezo. Akiombewa super viza, msamaha huo haumfaidishi sana, kwa sababu kwa daktari atakwenda tu.

| | Uingereza, miezi 6 | Uingereza, miaka 2 hadi 10 | Canada, ya kawaida | Canada, super viza |
|---|---|---|---|---|
| Kukaa kwa safari moja | hadi miezi 6 | hadi miezi 6 | kwa kawaida miezi 6 | hadi miaka 5 |
| Ada (Uingereza: bei za Aprili 2025) | pauni 127 | pauni 475, 848 au 1,059 | dola 100, na 85 za vidole | dola 100, na 85 za vidole |
| Alama za vidole | wote | wote | hadi miaka 79 | hadi miaka 79 |
| Bima | hailazimishwi | hailazimishwi | hailazimishwi | lazima, dola 100,000 |
| Uchunguzi wa afya | hapana | hapana | kwa kawaida hapana | lazima |
| Kipato cha mtoto | kinaangaliwa | kinaangaliwa | kinaangaliwa | kina kiwango maalumu |

Wenye watoto Denmark, Sweden au Ujerumani wana viza ya Schengen, viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya: siku 90 ndani ya siku 180, ada yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya angalau yuro 30,000 ni lazima. Uzuri wake ni kwamba ukikataliwa una haki ya kukata rufaa. Uingereza na Canada hawana rufaa ya kawaida kwa viza ya mgeni. Unaomba upya na kulipa upya.

Makaratasi ya mzee ndiyo yanayoamua

Ofisa hamjui mama yako. Anachotafuta kwenye faili ni sababu ya mama kurudi Pemba, na sababu hizo mama anazo tele, tatizo ni kwamba hazijaandikwa popote. Hapa ndipo nchi zote mbili zinafanana, na hapa ndipo pa kutumia nguvu zenu.

Chukulia shamba. Kwa mzee wa Pemba mikarafuu ndiyo benki yake, lakini mashamba mengi ni yale ya eka tatu yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, hati iko kwa jina la marehemu babu, au haionekani, na mirathi haijagawiwa. Msighushi hati. Zikusanyeni risiti za kuuzia karafuu ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, za misimu iliyopita, na barua ya sheha inayosema mzee anaishi hapa na shamba analihudumia yeye. Risiti tatu zenye jina lake zina nguvu kuliko hati nzuri yenye jina la mtu aliyekufa. Aliyekuwa mwalimu au nesi ana barua ya pencheni ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Mwenye miaka 70 na zaidi ana pencheni jamii iliyoanza 2016, na hata kama ni ndogo inaonesha kwamba yumo kwenye daftari la nchi yake.

Kisha majina. Mzungu anatarajia mama na mtoto wawe na jina moja la mwisho. Kwetu mama anabeba jina la baba yake na babu yake, binti anabeba la baba yake na babu wa upande huo, na wawili hao hawagusani hata jina moja. Cheti cha kuzaliwa cha aliye nje, chenye jina la mama, kiwe juu ya faili. Na kisomeni kabla ya kukituma! Pasipoti ya baba inasema Mohamed, cheti cha mtoto kinasema Moh'd, cheti cha ndoa kinasema Muhammad. Mama kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi amezaliwa 1950, kwenye pasipoti 1953. Wazee wetu wengi hawakuandikwa walipozaliwa, tarehe ilikisiwa, na kila ofisi ilikisia ya kwake. Hati ya kiapo kwa wakili, inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja, ni kazi ya asubuhi moja. Kilichoandikwa kwa Kiswahili au Kiarabu, mfano cheti cha ndoa cha kwa kadhi, kitafsiriwe na mfasiri anayeweka jina, saini na tarehe yake.

Pesa. Msimtumie mama milioni kumi wiki moja kabla ya kuchapisha taarifa ya benki. Ofisa anaona akaunti iliyokuwa na laki mbili mwaka mzima imevimba ghafla, na hapo ndipo shaka inapozaliwa. Sheria inaruhusu mtoto alipie kila kitu, kwa hiyo mwacheni mama na laki mbili zake, na mtoto alete za kwake: hati za mshahara, taarifa ya benki ya miezi 6, mkataba wa nyumba unaoonesha chumba kipo, na barua fupi inayosema nani analipa nini. Barua ya kurasa tatu za mapenzi ya mama haisomwi.

Suala la kwenda wote wawili au mmoja mmoja huzusha hisia. Kwa upande wa viza, mmoja akibaki ni ushahidi mzuri wa kurudi. Kwa upande wa utu, kumtenganisha mzee wa miaka 78 na mke anayemtilia dawa zake si jambo la kufanya kwa ajili ya faili. Nendeni wote, na elezeni nani nyumbani amebaki: watoto wengine, wajukuu wanaosoma skuli wakiwa chini ya bibi, shamba, mifugo.

Tahadhari ya vishoka. Wapo Dar, wapo na mjini Unguja, wanaahidi viza ya uhakika na wanatengeneza taarifa ya benki usiku mmoja. Karatasi ya kughushi ikigunduliwa, Uingereza inaweza kumfungia mzee miaka 10, Canada miaka 5. Na aliyewahi kukataliwa popote aseme. Nchi hizo mbili zinapeana taarifa, pamoja na Marekani, Australia na New Zealand. Kukataliwa zamani kunaelezeka, kuficha hakuelezeki.

Kabla ya kutoka kwenye makaratasi, jambo la vidole. Bibi zetu wanapenda hina, na wengine wanachovya ncha zote kumi mpaka ziwe nyeusi. Kituo cha maombi kinataka ncha za vidole ziwe safi, bila hina wala piko, bila jeraha. Kama kuna harusi mtaani wiki hiyo, mwambieni mapema. Kwa mama aliyelima mwani miaka ishirini tatizo ni jengine: chumvi na kamba zimeisaga ngozi, mashine haisomi. Kupaka mafuta mikono kila usiku kwa wiki chache kabla husaidia, na fikeni kwa miadi ya asubuhi ili kama inabidi kurudia, muda uwepo.

Kukutana njiani

Hii ndiyo ninayowashauri wengi, hasa wenye watoto Marekani, na wenye mzee ambaye makaratasi yake ni dhaifu. Mtoto mwenye pasipoti ya Uingereza, Canada au Marekani anaingia Ghuba kwa urahisi. Mzee naye, viza za matembezi za huko kwa kawaida huombewa na jamaa mwenyeji, hoteli au wakala, bila mahojiano ya ubalozini. Kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, kuna ndege za moja kwa moja, saa tano na kitu. Na Muscat ni nani asiye na jamaa? Mama atakuta shangazi, atakuta Kiswahili sokoni, na nyumba ya kufikia ipo.

Bora zaidi, kwa wanaoweza, ni Umra. Wazee waliokataa katakata kwenda "kwa Wazungu kwenye baridi" wakitajiwa Makka wanatoa mkoba siku hiyo hiyo. Mtoto anatoka Minneapolis, mama anatoka Unguja na kikundi chake, wanakutana Madina. Upungufu wake upo wazi: ni wiki mbili za hoteli, wajukuu wamechoka, na binti aliyejifungua hawezi kusafiri. Kwa arobaini njia hii haifai.

Kuwaleta watoto nyumbani

Ipigieni hesabu kabla ya kuipuuza. Mtoto aliyechukua uraia wa Uingereza au Canada analipa viza ya Tanzania dola 50, na tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje anayeingia Zanzibar analipa bima ya lazima, dola 44 kwa mtu mzima. Mume na mke ni dola 188, bila tiketi. Wajukuu watatu wakiongezeka, tiketi za Agosti zinauma, na ukilinganisha na tiketi moja ya mama, ada na bima yake, mama ndiye rahisi. Lakini kwa mzee asiyeweza tena kukaa saa kumi na tano njiani, au aliyekwisha kukataliwa mara mbili, ziwekeni pesa za ombi la tatu kwenye tiketi za wajukuu. Bima ya Zanzibar ilipwe mtandaoni kabla ya kupanda ndege, maana foleni ya uwanjani na watoto watatu wenye usingizi si mwanzo mzuri wa likizo.